Uwindaji wa fezanti: Maneno machache yanayolinda roho na kumlipa mkulima

JUMAMOSI ya tatu ya mwezi Oktoba, shughuli nyingi katika jimbo la South Dakota, Marekani, husogezwa kando kwa ajili ya ndege mmoja. Nyumba za wageni za miji midogo hujaa, migahawa hufunguliwa alfajiri, na barabara za vumbi zinazokata mashamba ya mahindi na soya huonekana magari yenye namba za majimbo ya mbali. Ikifika saa 4:00 asubuhi, na si dakika moja kabla, sheria inaruhusu bunduki kulia.

Ndege mwenyewe ni fezanti. Ni wa ukoo mmoja na kuku na kwale, na kwa yeyote aliyewahi kufukuza kanga porini tabia zake hazitakuwa ngeni: akishtuka hukimbia kwanza, kuruka huja baadaye. Jogoo ana mwili wa rangi ya shaba, kichwa cha kijani kinachometa, uso mwekundu, pete nyeupe shingoni na mkia mrefu. Jike ni wa rangi ya udongo, amefifia kama majani makavu anamojificha.

Fezanti si ndege wa asili wa Marekani. Alitoka Asia. Jaribio la kwanza kufanikiwa lilikuwa la mwaka 1881 huko Oregon, kwa ndege waliotumwa kutoka China na Owen Denny, aliyekuwa konseli wa Marekani mjini Shanghai. Huko South Dakota waliachiwa katika Kaunti ya Spink mwaka 1908, wakazaliana kwa kasi kiasi kwamba Oktoba 30, 1919 uwindaji ukaruhusiwa kwa mara ya kwanza, kwa siku moja tu na katika kaunti hiyo moja. Mwaka 1943 fezanti alifanywa ndege rasmi wa jimbo.

Leo hii ni biashara kubwa. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta jimbo hilo lina watu chini ya 900,000, lakini katika misimu ya karibuni majogoo wanaowindwa wamepita milioni moja kwa msimu. Wawindaji wanaotoka nje ya jimbo ni wengi kuliko wenyeji, nao wanahitaji malazi, chakula, mafuta, risasi, kiongozi wa kuwaonyesha njia na mbwa wa kuwatafutia ndege. Kwa mkulima ambaye bei ya mahindi imemwangusha, chumba cha wageni na ekari chache za nyasi zilizoachwa bila kulimwa vinaweza kuwa ndivyo vinavyolipa riba ya benki.

Lakini anauza nini hasa? Ukiondoa mashamba maalumu yanayofuga fezanti na kuwaachia kwa ajili ya wateja, ndege wa porini ni mali ya umma, si ya mwenye ardhi. Mkulima anachouza, au anachokitoa bure kwa jirani, ni ruhusa ya kuingia shambani kwake. Ruhusa hiyo hutegemea jinsi mgeni anavyozungumza na anavyojiheshimu, kuanzia mlangoni hadi mwisho wa mstari wa wawindaji. Mtu mmoja asiye na adabu anaweza kufunga lango ambalo lilikuwa wazi kwa miaka 30.

Hodi kwanza

Sheria ya South Dakota inamtaka mwindaji apate ruhusa kabla ya kuingia katika ardhi ya mtu, hata kama hakuna kibao cha kumkataza. Ipo njia nyingine: serikali ya jimbo huwalipa wakulima wanaokubali kuandikisha ardhi yao katika mpango unaomruhusu yeyote kuingia kwa miguu, na ekari zilizo katika mpango huo zimezidi milioni moja. Ardhi iliyobaki inataka hodi.

Hodi yenyewe ina wakati wake. Anayefika saa 12 asubuhi siku ya ufunguzi, na watu wanane garini, wote wamevaa sare, ameshajibiwa kabla hajafungua mdomo. Wenye uzoefu hupita mwezi Agosti au Septemba, mtu mmoja au wawili, bila bunduki, wakataja majina, wanakotoka, idadi ya watu watakaokuja na siku watakayokuja. Na idadi ikitajwa, ndiyo hiyo hiyo. Ukiruhusiwa watu wanne usije na saba, hata kama watatu waliozidi ni shemeji zako.

Kisha huulizwa maswali ambayo mkulima yeyote, awe wa Mbeya au wa Eldoret, angependa aulizwe na mgeni wake. Ng'ombe wako wapi? Mahindi gani hayajavunwa? Mpaka na jirani uko wapi? Gari liegeshwe wapi? Hilo la mwisho si dogo. Oktoba ni mwezi wa mavuno, na gari lililoegeshwa mbele ya njia ya kuingilia shambani linaweza kusimamisha mashine ya kuvunia na malori yanayosubiri nafaka kwa nusu siku. Nyasi ndefu zilizokauka zikigusa bomba la moshi lenye moto chini ya gari nazo zinaweza kuteketeza shamba zima. Lango lililokutwa limefungwa hufungwa, lililokutwa wazi huachwa wazi. Maganda ya risasi huokotwa, kwa kuwa hakuna mkulima anayefurahia kukuta plastiki katika marobota ya nyasi za mifugo.

Mstari

Fezanti hukimbia, kwa hiyo kikundi humwinda kwa kugawana kazi. Wasakaji hujipanga mstari mmoja upande mmoja wa shamba, wameachana mita 10 hadi 15 hivi, wakatembea polepole na mbwa mbele yao. Wakingaji hutangulia kwenda kusimama upande wa pili, pale mimea inapoishia, ili ndege waliokimbia wasitoroke kwa miguu. Watu wenye bunduki basi wanakuwa wanaelekeana, na kila hatua ya wasakaji inapunguza umbali kati yao. Hapo ndipo adabu inapokuwa suala la uhai.

Ndiyo maana kabla ya kuingia shambani watu husimama nyuma ya gari na mmoja, mara nyingi mwenye shamba, huongea. Anaonyesha mahali watakapoanzia na watakapoishia, wakingaji watasimama wapi, na nani yuko kila upande wa nani. Anaeleza eneo la kila mtu: mbele yake, kidogo kulia na kidogo kushoto, basi. Ndege akivuka kwenda kwa jirani, ni wa jirani. Anaeleza pia ishara ya kusimama. Mgeni tajiri aliyelipia safari hana cheo hapo. Mwenye neno ni mmoja, na asiyetaka kumsikiliza huachwa garini. Viongozi wazuri wa safari hizi hufanya hivyo kweli, hata kama wanapoteza mteja.

Baada ya hapo, kimya. Fezanti ana masikio makali. Mlango wa gari uliobamizwa, mtu anayemfokea mbwa wake, simulizi za safari ya mwaka jana zinazopigwa kwa sauti kutoka ncha moja ya mstari hadi nyingine, vyote hivyo huwafanya majogoo wazoefu waondoke upande wa pili kabla mtu hajainua bunduki. Mwezi Desemba, ndege waliobaki wameshasikia risasi kwa majuma mengi, na kundi lenye kelele hurudi mikono mitupu.

Kimya hicho kina maneno machache yanayoruhusiwa kukivunja, na yakitakiwa husemwa kwa nguvu. La kwanza ni "Jike!" Sheria inaruhusu kuua majogoo tu, watatu kwa kila mwindaji kwa siku. Sababu ni ya kifugaji: jogoo mmoja hupanda majike wengi, hivyo kupunguza majogoo hakuathiri sana vifaranga vya mwaka unaofuata, lakini kila jike anayeuawa ni kiota kilichopotea. Asubuhi jua likiwa machoni, ndege aliyeruka ghafla huonekana kama kivuli tu. Yule anayemwona vizuri anawaambia wenzake. Akisema "Jogoo!" bunduki zinaweza kuinuliwa, akisema "Jike!" zinabaki chini. Aliye na shaka hafyatui. Wapo wawindaji wanaopiga kelele za "Jogoo!" kwa kila kinachopiga mabawa, na wenzao hujifunza haraka kutowasikiliza, jambo ambalo ni baya kuliko kama wangenyamaza.

Neno la pili ni "Chini!", yaani ndege anaruka chini mno. Kanuni inayorudiwa kila asubuhi ni kwamba asipigwe ndege ambaye chini yake hakuna anga. Ukiona majani, mbwa, kofia au paa la banda nyuma yake, umwache aende. Bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani, humwaga chembe nyingi kwa pamoja, na chembe hizo zinaweza kwenda zaidi ya mita 200 hata kama haziui ndege baada ya mita 40. Wasakaji wakikaribia wakingaji, wengi huacha kabisa kufyatua mbele na kungoja ndege apite juu ya vichwa na kwenda nyuma ya mstari.

Maneno mengine ni ya mahali alipo mtu. Mstari ukiingia katika matete au mahindi marefu, watu hupotezana. Hapo kila mmoja huita jina la jirani yake na kujibiwa. Anayesimama kumtafuta ndege aliyeanguka hupaza sauti, na mstari mzima unasimama. Si hisani hiyo. Mstari ukiendelea bila yeye, mtu huyo anabaki nyuma yao, mahali ambapo hakuna anayemtarajia.

Kilichotokea Texas

Mfano unaojulikana zaidi hautoki katika mashamba ya fezanti bali kwa binamu yake mdogo, kware. Jioni ya Februari 11, 2006, katika ranchi moja kubwa ya Kaunti ya Kenedy, kusini mwa Texas, Dick Cheney, wakati huo Makamu wa Rais wa Marekani, alikuwa akiwinda na wenzake. Mmoja wao, Harry Whittington, mwanasheria mwenye umri wa miaka 78, alikwenda kumtafuta ndege aliyempiga. Wenzake wakasogea mbele kulifuata kundi jingine la kware. Whittington akawa anarejea akitokea nyuma yao. Ndege akaruka, Cheney akageuka kumfuata kwa bunduki upande ambao jua lilikuwa linazama, akafyatua. Mwenzake alikuwa umbali wa mita zisizofika 30, na marisau yakampata usoni, shingoni na kifuani.

Vizibao vya rangi ya chungwa inayong'aa walikuwa wamevaa. Bunduki ilikuwa ndogo, ya geji 28. Wote walikuwa watu wazima waliowinda kwa miaka mingi. Siku tatu baadaye chembe moja iliyokuwa karibu na moyo ilimletea Whittington mshtuko mdogo wa moyo. Alipona, akatoka hospitali ndani ya wiki ile, na aliishi hadi mwaka 2023, alipofariki akiwa na miaka 95.

Mjadala uliofuata ulifundisha zaidi ya tukio lenyewe. Maelezo ya kwanza kutoka ranchini yalimlaumu aliyepigwa kwamba alirudi bila kujitangaza. Wawindaji wengi walikataa. Ni kweli kwamba anayerudi mstarini anapaswa kupaza sauti, lakini mwenye bunduki ndiye mwenye wajibu wa kujua kilicho nyuma ya shabaha yake. Cheney mwenyewe baadaye alikubali katika televisheni kwamba aliyefyatua ni yeye na lawama haiwezi kwenda kwa mwingine. Polisi wa kaunti walilihesabu tukio hilo kuwa ajali. Watu wengi wamesahau kwamba mamlaka ya wanyamapori ya Texas iliwapa wote wawili onyo kwa kukosa stempu ya kuwinda ndege hao, yenye thamani ya dola 7.

Mavazi ya rangi ya chungwa hayalazimishwi na kila jimbo. Iowa inamtaka mwindaji wa fezanti avae walau vazi moja la rangi hiyo, South Dakota inashauri tu. Hata hivyo, viongozi wa safari huko South Dakota wengi huweka sharti hilo wao wenyewe, na vizibao vya akiba huwa vimening'inizwa mlangoni.

Mbwa wa watu, ndege wa nani

Kuna adabu nyingine ambazo haziui mtu lakini zinaua urafiki. Mbwa wa mwenzako huamrishwi na wewe. Mbwa aliyefunzwa kwa miaka mitatu kusikia sauti moja, akiitwa na watu sita kwa mara moja, huchanganyikiwa, na thamani yake, ambayo ni maelfu ya dola, inaanza kushuka machoni mwa mwenyewe. Ndege aliyeanguka akipapatika hakimbiliwi na watu, anaachiwa mbwa. Na asiyeonekana hutafutwa hadi apatikane au hadi mbwa waonyeshe kwamba hayupo, kwa sababu ndege aliyejeruhiwa na kuachwa ni nyama iliyotupwa.

Bunduki mbili zikilia pamoja na jogoo mmoja akianguka, nani amempiga? Jibu la kiungwana ni, "Ni wako." Wote wawili hulisema, na jogoo huenda kwa kijana au mgeni. Anayedai kila ndege ni wake huwa na bahati ya kuwinda na kundi hilo mara moja tu.

Nchini Uingereza, ambako fezanti hufugwa na kuachiwa kwa makumi ya mamilioni kila mwaka, mambo hayo yamekuwa kama ibada. Wapigaji husimama kila mmoja kwenye kijiti chenye namba aliyoipata kwa kura, na wasakaji, ambao wengi ni wanakijiji wanaolipwa kwa siku, husukuma ndege kutoka msituni kuwaelekea. Filimbi au tarumbeta huanzisha, na nyingine huamuru kwamba sasa hakuna kufyatua kuelekea msituni kwa kuwa wasakaji wamekaribia. Kumpiga ndege anayekwenda wazi kwa jirani ni aibu, na jioni mtunza ndege wa shamba hupewa bahashishi mkononi wakati wa kushikana mikono. Msimu huanza Oktoba 1 na kuisha Februari 1.

Anayekwenda peke yake

Si kila mtu hupenda mstari. Wapo wanaoona kwamba fezanti huwindwa vizuri zaidi na mtu mmoja na mbwa mmoja, hasa baada ya theluji kuanguka na makundi ya wageni kurudi kwao. Ufundi wake ni tofauti. Haendi moja kwa moja, anakata kona, anasimama ghafla, anangoja dakika nzima. Jogoo aliyejibanza akisikia nyayo zikiendelea hutulia. Zikinyamaza, wasiwasi humshinda akaruka. Mbwa huongozwa kwa mkono au mluzi mdogo.

Mtu huyo hana wa kumwambia "Jike!" wala "Chini!", kwa hiyo mazungumzo yake yote hufanyika kabla. Nyumbani huacha jina la shamba, mahali atakapoegesha na saa ya kurudi, kwani mtandao wa simu katika mabonde mengi ni wa kubahatisha na baridi ya Januari inaweza kumuua mwenye kifundo kilichoteguka. Akifika kwenye ua wa seng'enge hufungua bunduki na kutoa risasi, akaiweka chini upande wa pili mtutu ukitazama mbali naye, ndipo apande. Ni katika kuvuka ua peke yao, wakati mikono imekufa ganzi, ndipo watu wazoefu hujipiga wenyewe.

Ndege wake akiangukia ng'ambo ya mpaka, sheria ya South Dakota inamruhusu kuweka bunduki chini na kuvuka kwa miguu, mikono mitupu, kumchukua. Wenyeji waungwana humwarifu mwenye ardhi hata hivyo, maana kwa mtu anayetazama kutoka dirishani umbali wa kilomita moja, mwindaji asiye na bunduki na mwindaji mwenye bunduki wanafanana.

Jioni, ndege hunyonyolewa akiachwa na kichwa, mguu au bawa lenye manyoya, ili askari wa wanyamapori akimsimamisha njiani aweze kuona kwamba ni jogoo. Mmoja kati ya watatu, tena aliyesafishwa vizuri zaidi, hupelekwa nyumbani kwa mkulima. Mwindaji anabisha hodi, anasema amemaliza na yupo salama, anataja alichokiona: ua uliokatika karibu na kijito, ndama aliye upande usio wake. Mara nyingi hapo ndipo huambiwa, bila yeye kuomba, kwamba mahindi ya upande wa mashariki yatakuwa yamevunwa kufikia Alhamisi.